Uko Wapi? Miaka Yangu na Gari la Kuvuta, Kitonga hadi Chunya

Vijana wangu, katika maisha yangu ya kazi kuna swali moja nimeliuliza kuliko mengine yote: "Uko wapi?" Nimeliuliza kwa simu, nimeliuliza kwa kupiga kelele juu ya korongo, na mara nyingine nimemwuliza mtu ambaye hakuweza tena kujibu. Nilikuwa dereva wa gari la kuvuta magari, lile lenye winchi na ndoano nyuma. Nilianzia Ilula, karibu na mteremko wa Kitonga, nikamalizia Iyunga hapa Mbeya. Gari likianguka, likizimika mlimani, likizama kwenye tope, naitwa mimi. Sasa mgongo umegoma, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilichukuliwa zamani na waya wa winchi. Waya ukiwa umekaza usiuruke kamwe. Tupia koti zito juu yake, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuja usoni. Hilo nawapa bure.

Nasikia mnabishana pale stendi kuhusu ile ramani ya simu, hiyo GPS yenu. Wengine mnasema ni ya wageni na madereva wa teksi, kwamba dereva aliyeizoea njia hana haja ya kuambiwa "geuka kulia." Nina neno juu ya hilo. Si neno la kuchekesha, ila nitaanza na la kuchekesha.

Kuna bwana harusi mmoja kutoka Dar alikuwa anampeleka mkewe Tukuyu kwa wazazi. Walipofika Uyole, simu ikawaonyesha njia ya mkato. Nilipowafikia, gari lilikuwa limezama mpaka milangoni katikati ya shamba la viazi, na bibi harusi amekaa juu ya gunia, viatu vya visigino mkononi, hasemi na mtu.

"Ilikuwaje?" nikamwuliza yule bwana.

"Iliniambia nyoosha."

"Na mbele uliona nini?"

"Viazi."

"Ukanyoosha?"

"Si iliniambia nyoosha, mzee!"

Ramani inaijua njia, haiujui udongo wa Mbeya wakati wa mvua. Ikikupa njia mbili, shika lami, hata kama inazunguka. Na kabla ya kuingia vumbi au tope, simama, mwulize mama anayelima hapo. Lakini siku ile, nikiwa nafunga mnyororo, mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Yule kijana hakujua jina la kijiji. Hakujua kama yuko kusini au kaskazini mwa barabara. Alibonyeza tu, akanitumia lokesheni, nami nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye gunia lile bila kuuliza mtu. Nilijikuta nimeshika mnyororo, nimesimama, nimeshindwa kuendelea kucheka. Nilikuwa namkumbuka Faraji.

Faraji alikuwa mfanyabiashara wa Iringa mjini, mtu wa vitunguu. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Iringa, na Kihehe alikizungumza kuliko mimi Mnyakyusa niliyekuja kutafuta kazi. Kila wiki alishuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni na pikapu tupu, akapanda na vitunguu. Alikuwa anaijua Kitonga kama mlango wa nyumba yake. Naomba mlishike hilo.

Enzi hizo simu zetu zilikuwa zile ndogo za tochi. Nilikuwa nafanya kazi chini ya Mzee Kalinga, Mhehe mrefu, mkimya, aliyevuta magari Kitonga tangu mimi sijajua kushika usukani. Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta gari lililoanguka. Usitazame bonde kwanza, alisema, tazama ukingo wa lami: alama ya tairi, kokoto zilizosukumwa, vioo. Kisha tazama majani, upande wa chini wa majani una rangi nyingine, kwa hiyo kichaka kilichogeuzwa kinaonekana. Kisha nusa. Dizeli iliyomwagika ina harufu ambayo upepo wa korongo hauwezi kuificha. Mwisho kabisa, tazama kunguru. "Ukifika kwa kunguru," alisema, "umechelewa."

Alasiri moja ya masika, mke wa Faraji, Bi Zuhura, alishuka Ilula kwa gari la jirani, akaja mbio mpaka gereji kwetu, ushungi umemwangukia mabegani. Faraji alikuwa amempigia. Alisema ametoka barabarani, amebanwa mguu, na anasikia maji. Bi Zuhura alipomwuliza uko wapi, akajibu, "Kitonga." Simu ikakatika. Haikupatikana tena.

"Kitonga sehemu gani?" Mzee Kalinga akauliza.

"Alisema Kitonga tu."

Mwenye kuipita Kitonga anajua hilo jibu lina ukubwa gani. Ni mlima mzima wa kona, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande mwingine, na maji yanasikika chini karibu kila mahali. Tuliteremka polepole, tukasimama kila kona. Mvua ilikuwa imeosha lami, hakuna alama. Malori yalikuwa yanapanda kwa gia nzito, yananguruma, na kila tulipopiga kelele "Faraji!" sauti ilimezwa. Tuliomba madereva wazime injini, wachache wakazima, wengine wakatutukana. Tuliwauliza wauza mahindi, tukawauliza vijana wanaofukuza nyani barabarani. Hakuna aliyeona. Giza lilipoingia polisi walituzuia kushuka korongoni, na walikuwa na haki, mtu mwingine angekufa. Bi Zuhura alikataa kurudi Iringa. Alilala garini pembeni ya barabara, anapiga namba ile ile.

Asubuhi jua lilipotoka, kunguru walituonyesha.

Pikapu ilikuwa imeteleza chini ya miti, ikasimama kwenye mwamba, vitunguu vimetapakaa. Faraji alikuwa amejikokota mpaka nje ya mlango. Mguu aliufunga kwa mkanda wake mwenyewe, kwa ustadi, kama muuguzi. Alikuwa amevua shati lake jeupe, akalitundika juu ya tawi ili watu walione. Kutoka barabarani lilizibwa na majani. Mwili ulikuwa umepoa, lakini daktari alisema baadaye kwamba aliishi mpaka usiku.

Tulipompandisha, Bi Zuhura hakulia kwanza. Aliitazama ile kona, akamtazama Mzee Kalinga.

"Mlipita hapa jana?"

Ningekuwa mimi, ningedanganya. Mzee Kalinga akasema, "Tulipita, mwanangu. Tulisimama hapa hapa. Tukaita."

"Basi aliwasikia."

Tangu siku ile sikumsikia tena Mzee Kalinga akifundisha mtu habari za kunguru.

Bi Zuhura alimaliza eda yake, akafanya jambo ambalo ndugu wa mume hawakulipenda: akajifunza gari. Watu walidhani atauza duka la mumewe akae nyumbani. Badala yake akanunua kigari kidogo, akaanza kupeleka vitenge na kanga mpaka miji ya dhahabu huko Chunya, Makongolosi, ambako wanawake wa wachimbaji wananunua vizuri. Miaka ilipita, simu kubwa zikaja. Siku moja, akitoka Dar kuchukua mzigo, alisimama pale gereji kwetu Ilula, na kwenye kioo cha gari lake amebandika kifaa kidogo kama redio, kinaongea.

Mzee Kalinga, ambaye sasa alikuwa anatembea kwa fimbo, akacheka. "Zuhura mwanangu, hii njia mimi naifahamu nikiwa nimefumba macho. Hicho kinakwambia nini?"

"Najua unaifahamu, mzee wangu," akasema, kwa upole kabisa. "Faraji naye alikuwa anaifahamu. Asiyejua alipo nilikuwa mimi."

Mzee akamwomba amwonyeshe. Akainama dirishani, miwani puani, anaitazama ile nukta ndogo ya buluu ikiwa imetulia juu ya jina Ilula. "Inatuona?" akauliza. Bi Zuhura akamweleza kwamba juu kuna setilaiti, na kifaa kinazisikiliza kadhaa kwa pamoja, ndiyo kinajua kimesimama wapi. Mzee akatazama juu kwanza, akaangalia tena nukta. Akasema, "Kamwene," salamu yao ya Kihehe, kama mtu anayemsalimu mgeni aliyechelewa kufika. Sisi wengine tulicheka. Yeye hakucheka.

Kwa hiyo nawaambieni nyie mnaojua njia: kifaa hiki si cha kukuonyesha wewe njia tu. Kinakusaidia kwa mambo madogo ya kila siku, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa Bi Zuhura. Ukungu ukishuka, unaona umbo la kona kwenye kioo kabla hujaifikia, unajua ni kona ya kulegeza mguu au ya kusimama kabisa. Ukiishiwa mafuta unajua kituo kiko mbele au ulikiacha nyuma. Mtoto akiugua njiani unaona hospitali iliyo karibu. Lakini ramani upakue ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, ukae nayo ndani ya simu, maana mlimani kuna mahali bando halitakusaidia. Setilaiti haidai mtandao, ramani ndiyo inadai. Simu ibandike pembeni chini ya kioo, isikuzibe, na uandike unakokwenda kabla hujawasha gari. Nimevuta magari mengi ya watu waliokuwa wanaandika jina la mji huku wakiendesha. Sitawasimulia nilichokikuta humo.

Na mwisho, mshirikishe mtu safari yako. Kuna mahali pa kubonyeza, yule aliyebaki nyumbani anaiona nukta yako ikitembea. Bi Zuhura hakutoka Iringa bila kumshirikisha wifi yake Mwajuma, mke wa kaka yake Shabani.

Shabani huyu alikuwa fundi cherehani pale Iringa mjini, mtu wa maneno mengi na mashati mazuri. Nilimfahamu kwa sababu nilipohamia Iyunga, yeye na dada yake wakawa wanapitia kwangu kunywa chai wakienda Makongolosi. Dada anauza vitenge, kaka anawapima akina mama hapo hapo, wiki inayofuata analeta magauni. Mke wangu ana gauni lake moja mpaka leo.

"Kaka Ambwene," Bi Zuhura aliniambia siku ya mwisho waliyopita kwangu, "huko juu kuna ukungu?"

"Upo. Subirini jua lipande."

Walisubiri. Walikunywa chai ya pili. Walifanya kila kitu sawasawa, na naomba hilo lijulikane, maana baada ya ajali watu hutafuta kosa la mwanamke anayeendesha. Waliondoka ukungu ukiwa umefunguka. Lakini barabara ya Chunya inapanda sana, unapita mahali ambapo Mbeya yote iko chini ya miguu yako, na huko juu ukungu haufuati saa. Mbele yao lori lilikuwa limeharibika, limeachwa katikati ya njia, halina taa, halina hata majani ya kuwaonya watu. Bi Zuhura alilikwepa. Ukingo ulikuwa laini kwa mvua.

Simu yangu ililia. Haikuwa sauti, ilikuwa lokesheni. Kisha ujumbe: "Tumekwepa lori bovu. Shabani kabanwa. Njoo na winchi."

Nilimchukua fundi Elia, mtu mzima wa Kisafwa tuliyekuwa tukifanya naye kazi, tukapanda. Elia alipiga simu hospitali wapeleke gari la wagonjwa, akawasomea namba za mahali pale kama zilivyokuwa kwenye simu. Mimi niliendesha. Tulipoingia ukunguni sikuona hata boneti langu vizuri, lakini nukta yetu ilikuwa inaisogelea nukta yao, nami nikawa nalegeza mguu kadiri ile nafasi inavyopungua. Tuliliona lile lori kwa sababu tulikuwa tunalitarajia.

Ramani ikasema tumefika. Hakuna kitu. Ukungu tu.

Hapa nina neno la kazi. Kwenye makorongo nukta huruka, kwa sababu mlima unaificha nusu ya mbingu. Usikimbilie kushuka inapokuonyesha mara ya kwanza. Simama, ipe muda, itatulia. Nilisimama pale nimeinyanyua simu kama mtu anayeomba, Elia ananitazama kwa hasira. Ilipotulia, ilikuwa upande mwingine wa kalvati, lile daraja dogo la kupitisha maji. Tukaenda pale, nikaita, na chini honi ikajibu.

Walikuwa karibu sana. Kama si ile nukta tungepita.

Bi Zuhura mkono ulikuwa umevunjika, uso una damu, lakini alikuwa amekaa ndani ya gari, kichwa cha kaka yake kimemlalia mapajani, mkono mzima bado uko kwenye honi. Dashibodi ilikuwa imemshukia Shabani tumboni na kwenye mapaja. Nilipoiona rangi yake, nilijua. Kazi hii inakufundisha rangi. Elia naye alijua, akageukia winchi akaanza kazi bila kunitazama.

Tulifunga waya, tukavuta taratibu, kidogo kidogo, tukaweka mawe. Huku nikifanya hivyo nilikuwa naongea naye, kwa sababu mtu aliyebanwa usimwache kimya.

"Fundi, mke wangu anakudai lile la kijani."

Akatabasamu. "Mwambie kitambaa hakitoshi. Amenenepa."

Bi Zuhura alikuwa anamsomea kwa sauti ya chini, dua, huku akimfuta uso kwa kipande cha kitenge kipya. Shabani akanishika mkono ule wa vidole vinne.

"Ndugu yangu. Kuna gauni."

"Gauni lipi?"

"La binti wa jirani. La harusi. Lipo juu ya kabati, nimelifunga kwenye shuka. Mwambie Mwajuma limekwisha." Akapumua. "Bado vifungo tu. Vifungo viko kwenye kopo."

"Nitamwambia."

"Asimpe mtu mwingine ashone. Watavipanga vibaya."

Baada ya hapo alisema kwamba ana baridi. Nilivua koti nikamfunika. Gari la wagonjwa lilipofika, lilikuta tumeshamtoa, amelala kwenye majani, na Bi Zuhura ameshamfumba macho. Muuguzi alipomwinua Bi Zuhura apande garini, Bi Zuhura alisema, "Msimwache peke yake," nikamwambia sitamwacha. Nilikaa naye pale ukungu ukitupita mpaka polisi walipomaliza vipimo vyao.

Tulimrudisha Iringa siku ile ile, maana kwao maiti hailazwi. Mimi nilipanda na jeneza. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mwajuma. Mnazipita Makambako na Mafinga kila siku, mnajua safari hiyo inampa mtu muda wa kupanga maneno, na mimi nilifika sina hata moja.

Sikuyahitaji. Mwajuma alikuwa amekaa ukumbini kati ya wanawake, simu yake mkononi, kioo kimewaka.

"Niliiona, shemeji," aliniambia. "Ilikuwa inatembea, ikasimama. Nikasema wamesimama wanapumzika. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, bado imesimama. Nikafagia. Nikarudi. Nikapika. Nikarudi." Aliifuta simu kwa upindo wa kanga kana kwamba ina vumbi. "Nilijua kabla hamjapiga."

Wapo watakaowaambia kwamba ni heri kutojua. Mimi nimemwona mwanamke aliyelala garini pembeni ya barabara akipiga simu isiyopatikana, na nimemwona huyu aliyeitazama nukta isiyosogea. Siwezi kuwachagulia lipi ni jepesi. Ninachojua ni kwamba Shabani alikufa ameshikwa mkono, na Bi Zuhura yu hai kwa sababu tulimfikia kabla baridi haijamaliza kazi. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda. Bado anaendesha.

Baada ya maziko, wanaume walipokuwa wamekaa nje kwenye turubai, niliomba ruhusa niingie nimwone Mwajuma. Nikampa ujumbe, neno kwa neno: gauni liko juu ya kabati, limefungwa kwenye shuka, limekwisha, bado vifungo, vifungo viko kwenye kopo, asishone mtu mwingine.

Wanawake waliokuwa wamemzunguka walianza kulia upya. Yeye hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Alisema vifungo vikae mbele au mgongoni?"

Nikamwambia hakusema.

Akamwomba dada mmoja amteremshie lile furushi, akalifungua, akalitandaza gauni jeupe mapajani, akapitisha vidole kwenye mstari ambao mumewe alikuwa ameuchora kwa chaki. "Mgongoni," akasema. Kisha akaomba sindano.